Masasi ya Juu ya Mafiga

Bunduki iliyomuua Sergent Jordy ilikuwa imelazwa juu ya gunia tupu, mu magasin, ghala ya silaha ya kambi ya Beni. Tangu siku ile hakuna mutu aliyeigusa. Wa kwanza alikuwa Josaphat Vagheni, mupelelezi wa parquet ya Butembo, ofisi ya mashitaka, mutu mufupi mwenye masikio makubwa na koti ya mvua ambayo hakuivua hata mu joto la Beni.

Major Gustave alisimama mulangoni, akafunga mwanga wote kwa mwili wake.

— Unatafuta nini tena, Monsieur l'OPJ? Mutu tulishamushika. PV, karatasi ya kesi, iko tayari. Tia signature, urudie Butembo mbele mvua inyeshe.

— Signature yangu ni ya zamani, mon major. Inatembeaka polepole. Sogea kidogo, unanifungia jua.

Major alisogea, lakini kwa jicho la mutu anayeweka jina lako pembeni kwa siku ingine. Alikuwa mutu wa Équateur, mbali kule magharibi. Alifika Kivu na vita, na Kiswahili alikiokota njiani pamoja na mengine mengi aliyookota.

Kesi ilikuwa fupi, na Vagheni hakupenda kesi fupi. Jordy alikuwa anafundisha basoda, askari wapya, kupiga shabaha kwenye uwanja wa mupira nyuma ya kambi. Bunduki ikapasuka mukononi. Kipande cha chuma kikaruka nyuma kikamuingia chini ya jicho, akafa kabla hajafikishwa hospitali. Kesho yake Major alimukamata muzee Kasonia, mulinzi wa magasin. Alisema kwamba Kasonia alichagua kwa makusudi masasi, yaani risasi, yaliyooza, akamupa Jordy, kwa sababu ndugu yake mudogo yuko na Mai-Mai, wapiganaji wa mu pori. Baraza la vita lilikaa muda usioweza kuivisha hata maharagi. Likakata: Kasonia apigwe risasi vendredi, Ijumaa asubuhi, kwenye uwanja ule ule. Kilichobaki ni signature ya parquet, ili mambo yafanane na sheria.

Leo ilikuwa mercredi; zilibaki siku mbili tu.

Major alipiga teke kasha moja la mbao. Masasi yaliyokuwa ndani yalikuwa na rangi ya kijani, kama sarafu iliyolala muda murefu mu matope.

— Angalia! Kijani yote. Njo ile, ndiyo ile alimupa Jordy. Ata mutoto muchanga anaweza kuona kusema imeoza.

— Na hili kasha la pembeni?

— Ile ni ya mupya. Ilitoka uwanja wa ndege. Ile hapana kugusa.

Kasha la pembeni lilikuwa nusu. Masasi yake yaling'aa kama vijiko vya siku ya ndoa.

Vagheni aliinamia bunduki kwanza. Sehemu ya nyuma, pale risasi inapolala, ilikuwa nzima. Mututu ndio ulivimba katikati, kama nyoka aliyemeza panya, na pale pa uvimbe ndipo ulipopasuka. Alichukua waya, akausukuma kutoka mbele. Waya ukasimama. Akapima kutoka nyuma. Ukasimama tena.

— Mon major, humu ndani kuna kitu.

— Kuna uchawi wa Kasonia.

— Uchawi ungepitisha waya.

Alipinda chuma kilichopasuka kwa koleo hadi akaona. Vichwa viwili vya risasi vilikuwa vimekwama mu mututu, pua ya kimoja imeingia mukiani mwa kingine.

— Ya kwanza ilikosa nguvu, ikalala njiani, alisema Vagheni. Ya pili ikamukuta mwenzake amefunga barabara.

— Sawa! Sababu ilikuwa ya kijani. Njo nilisema.

Soda mumoja alifika mulangoni, amejikunja, mukono mu kifua. Alikohoa hadi machozi yakamutoka. Aliomba ruhusa ya kwenda hospitali. Major hakumugeukia hata.

— Ata mwenye kukohoa anapiganaka. Toka!

Soda alitoka. Kikohozi chake kilisikika mpaka kwenye jiko la kambi. Kisha Major mwenyewe akaitwa kwenye phonie, redio ya kambi. Alimunyooshea Vagheni kidole, kama mutu anayefunga mulango kwa kidole, akaenda.

Vagheni hakungoja. Alichukua risasi ya kijani, akaifuta kwa kitambaa chenye mafuta. Kijani kikatoka chote. Chini yake shaba ilikuwa laini. Alipitisha ukucha, ukucha haukukwama popote. Shingo haikuwa na ufa. Kichwa hakikuzunguka alipokiminya kwa vidole. Alikivuta kwa koleo, akamwaga baruti juu ya kikaratasi. Ilikuwa kavu, nyeusi, punje moja moja, ikateleza kama mbegu za mboga ya lengalenga. Alifungua ingine, na ingine. Zote vile vile. Kijani kilikuwa nguo tu. Mwili ulikuwa muzima.

Kisha akachukua ile ya kung'aa, ile ya hapana kugusa.

Aliigeuza kwenye mwanga. Shaba ilikuwa na mikwaruzo midogo inayozunguka, inayozunguka, kama tumbo la sufuria. Mu musitari mwembamba ambapo kichwa kinaingia mu ganda, kulikuwa na vumbi ya kijivu. Aliikwangua kwa pini, akaisugua mu vidole. Majivu. Alikivuta kichwa. Baruti haikumwagika. Ilitoka kama donge, ina wekundu wa kutu, na harufu ikapanda ikamuchoma pua kama siki kali. Ganda lilikuwa la kijani, lakini ndani, pale ambapo hakuna mutu anayeangalia.

Alifungua zingine. Moja ilikuwa nzuri kidogo. Moja mbaya. Moja mbaya sana.

Aliinua kasha, akalitikisa, akachungulia mu pembe zake. Punje moja ilianguka mukononi, nyeusi kwa moshi. Aliivunja kwa meno. Ngano.

Vagheni alitia masasi machache ya kung'aa mu mufuko mumoja wa koti, na mengine ya kijani mu mufuko wa pili. Major aliporudi alimukuta anafunga koti.

— Umemaliza?

— Nimeanza, alisema Vagheni.

*

Kaporali Siméon alikuwa karibu na Jordy siku ile. Damu ya Jordy iliyokauka ilikuwa bado kwenye kiatu chake cha kushoto, na hakutaka kuifuta.

— Miye njo nitaongoza peloton ya vendredi, bale ba kumupiga Kasonia. Niliomba miye mwenyewe.

— Utapata nafasi yako. Niambie kwanza masikio yako yalisikia nini.

— Bum. Ilisikia bum. Ulitaka isikie nini, kwaya?

— Mbele ya bum.

Siméon alitema mate chini. Alitaka kukasirika, lakini kumbukumbu ilimushika mukono.

— Mbele... ilifanya pfff. Sawa mutu anapiga chafya mu blanketi. Jordy alicheka. Akasema, hii bunduki iko na grippe. Akavuta chuma, ganda ikaruka, akapiga tena. Njo ikapasuka.

— Ganda la ile ya chafya lilianguka wapi?

Kaporali alifungua kimufuko alimokuwa anatunza rozari. Akatoa ganda.

— Niliokota. Ni kitu ya mwisho alishika.

Vagheni aliliweka kwenye kiganja chake. Lilikuwa linang'aa.

— Ya kijani iko wapi, kaporali?

— Ya kijani gani?

— Ile Major anasema ilimuua.

Siméon aliangalia ganda mu kiganja cha Vagheni.

— Kasonia njo mulinzi. Kijani, nyeupe, ya nini? Yeye njo anapimaka. Yeye njo aliua.

— Siku ile Major alikuwa uwanjani?

— Hapana.

— Donc basi alijuaje rangi?

Siméon alimunyang'anya ganda, akalirudisha karibu na rozari, akaenda bila kuaga.

*

Kasonia alikuwa mu cachot, chumba cha mabati kilichokuwa kinachemka kama sufuria. Alikuwa muzee wa Lubero, mu-Nande sawa na Vagheni, mifupa na hasira, na alikuwa amevimba shavu moja.

— Weye njo balituma kuniandika? Andika muzuri basi, nisikufe na makosa ya dictée ya shule.

— Tata Kasonia, masasi unapimaka namna gani?

— Kumbe sasa unataka masomo! Bale ba baraza hawakuniuliza ile. Baliniuliza ndugu yangu iko wapi.

— Miye nakuuliza ile.

Muzee alimuangalia. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole, kila kidole akikikunja kama anavunja shingo ya kuku.

— Nafuta. Kijani ikitoka, shaba ikabaki laini, ni muzuri. Ikiwa na mashimo ya kushika ukucha, natupa. Shingo ikipasuka, natupa. Kichwa ikizunguka, natupa. Pale pa kugongwa nyuma, ikiwa na kutu, natupa. Halafu nafungua moja moja mu kila kasha, naangalia baruti. Ile kijani yote nilipima miye. Major akaniambia, weka pale, inatia haya.

— Na ile ya kung'aa?

Kidole kilibaki hewani.

— Ile sikufungua.

— Kwa nini?

— Major alileta yeye mwenyewe, mu kasha ya mupya. Akasema imetoka uwanja wa ndege. Iling'aa, nikaiamini. Kama mujinga anaona mutu na cravate. Akafunga macho, akayafungua. — Lakini kasha zile, mutu wa parquet, mbele yake zilikuwa na masasi ya kweli mupya. Nilizipakia kwa mikono yangu mu jeep yake. Ziliondoka kwenda Manguredjipa, kwa benye kulinda mashimo ya zahabu. Kisha jeep ikarudia na kasha zile zile, na mboga juu yake, mashu na poireaux. Nikafikiri, aksanti, hawakukubaliana bei, amerudisha.

— Mashu na poireaux.

— Mingi. Mwanamuke wa Major alikula supu mpaka akachoka.

Vagheni alichomoa punje ya ngano, akaiweka juu ya goti la muzee. Kasonia aliiangalia kwa jicho moja, lile la upande ambao haukuvimba.

— Beni nani anapandaka ngano? alisema.

— Hakuna, alijibu Vagheni. Inataka baridi.

*

Aliondoka Beni juu ya camion, lori ya kubeba mbao, akalala Butembo, na kesho yake, jeudi, asubuhi mapema akapanda pikipiki mpaka Masereka, mulima wa baridi ambako mashu, poireaux na ngano vinaota pamoja. Kule juu koti yake ilipata kazi. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mashamba ya viazi, na watu balikuwa wanapalilia bila kunyoosha mugongo.

Jeep ya basoda haipiti Masereka bila kila dirisha kuijua. Vagheni aliuliza mara mbili tu. Bakamuonyesha nyumba ya Mama Katungu, mujane, chini ya eucalyptus.

Mama Katungu alikuwa mu kikuni chake, kijumba cha jiko, anavuta kuni. Vidole vyake vilikuwa na makovu mapya, ngozi ya ncha imekwanguka.

— Wavukire, mama, alisalimia Vagheni.

— Wavukire. Kama uko soda, chumvi yenu nilishaimaliza. Kama uko mukristo, ikaa.

Vagheni aliketi kwenye kigoda. Aliinua macho. Juu ya mafiga, mu moshi, kulikuwa na kitanda cha fimbo, na juu yake masuke ya ngano, mahindi ya mbegu bado mu maganda yake, na vikapu vya maharagi vilivyofungwa na majani. Kila kitu kilikuwa cheusi na kikavu. Pembeni kulikuwa na nafasi tupu, ndefu, ambapo fimbo zilipindika kwa uzito wa kitu kilichoondolewa.

— Pale kulikuwa na nini, mama?

— Unajua. Ungekuwa haujui, haungeinua macho.

— Nataka nisikie kwa mudomo yako.

Mama Katungu alisukuma kuni ndani ya moto kwa mguu.

— Wakati basoda ya Mobutu balikimbia, balipita hapa na matope mpaka magotini. Balilala mu nyumba yangu, bakakula mbuzi yangu, bakaacha masanduku yao ya masasi, bakasema yalikuwa mazito. Hawakuuliza. Bwana yangu alisema, mama, huku kuna maji kila pahali, vitu hivi vikiloa vitaoza, halafu basoda barudi batuue kwa kuozesha mali ya Leta, mali ya serikali. Donc tukaweka pahali tunaweka kila kitu tunataka isioze. Sawa mbegu.

— Juu ya moto.

— Juu ya moshi! Mbegu inakaa pale, dudu haiingie, maji haiingie, inaota muzuri. Miaka yote hii imekaa pale. Bwana yangu akakufa, yenyewe ikabaki.

— Hakuna mutu aliijaribu?

— Shemeji yangu. Nguruwe ya pori ilikuwa inaharibu viazi. Alipiga, bunduki ikakohoa. Khh! Risasi ikaanguka karibu sana, sawa mate. Akajaribu ingine, ikapiga. Ya tatu ikakohoa tena. Akasema miye hapana tena, hii kitu iko mugonjwa.

— Na mutu wa jeep?

Mama Katungu aliinua vidole vyake vilivyokwanguka.

— Mutu munene, mukubwa. Alisikia wapi, sijui. Alikuja yeye mwenyewe, akaangalia, yote nyeusi kwa masizi. Akasema, mama, isugue. Nikasugua na bakamwana, bibi ba batoto yangu, na majivu na muchanga na limao, sawa tunasuguaka sufuria ya sikukuu, mpaka vidole ikatoka damu. Ikang'aa. Alifurahi sana! Akanipa gunia ya chumvi. Miye nikaona haya, nikamuambia ukweli. Nikasema, baba, hii masasi inakohoaka. Usibape batoto ya batu.

— Akajibu nini?

— Alicheka. Akasema, "Mama, ata mwenye kukohoa anapiganaka."

Vagheni alitoa kalamu, akaandika maneno yale. Kuni ililia mu moto.

— Kwa nini unauliza? alisema Mama Katungu. Njo imefanya nini?

— Imeua soda kijana, mama. Na kesho asubuhi watamuua muzee mumoja kwa ajili yake. Si yule munene.

Mama huyu alisimama. Alikuwa mufupi, lakini kikuni kilijaa yeye.

— Nilimuambia! Nilimuambia mu macho! Miye mwanamuke wa viazi, nilimuambia, na yeye na nyota yake ya mabegani akacheka! Akachukua fimbo, akapekua vikapu vya maharagi kama anapiga mutu. Kitu kikaanguka mu majivu. Akakiokota na kitambaa, akamupa Vagheni. — Ile ilijificha mu maharagi wakati tulisugua. Ipeleke. Na jina yangu andika yote, Katungu wa Masereka. Akitaka kunitafuta, anajua njia. Siku ile ilikuwa chumvi, leo itakuwa pilipili.

Ilikuwa risasi moja, nyeusi yote kwa moshi. Vagheni alisafisha kitako chake kwa kidole gumba. Nambari zilizochapwa pale zilikuwa zile zile za masasi ya kung'aa yaliyokuwa mu mufuko wake.

*

Njia ilikuwa imekatika kwa mvua, na camion ya mashu ilimufikisha Beni vendredi jua limeshatoka. Alishuka akiwa matope hadi kiunoni, akakimbia nyuma ya kambi.

Kasonia alikuwa amefungwa kwenye muti wa goli. Hawakumufunga macho, au alikataa. Peloton ilikuwa imejipanga kwenye musitari wa penalti, Siméon mwisho wa musitari kama kiongozi wao. Major Gustave alikuwa pembeni na karatasi mukononi.

— Umechelewa, l'OPJ. Signature nilishapata ingine.

Vagheni alimupita kama anapita jiwe. Alienda moja kwa moja mbele ya Siméon.

— Kaporali. Leo baliwapa masasi ya kasha gani?

— Ile ya kung'aa, alisema Siméon. Major alisema kijani hapana tena.

— Toa moja.

— Kaporali, usitoe kitu! alipiga kelele Major.

Siméon aliangalia mbele. Kisha akachomoa chargeur, kisanduku cha risasi cha bunduki yake, akasukuma risasi moja kwa kidole, akaiweka mu kiganja cha Vagheni. Vagheni aliweka ile nyeusi karibu yake, kitako juu.

— Soma.

Siméon alisoma. Wenzake wa karibu bakanyoosha shingo.

— Nambari ni moja, alisema.

— Ndugu moja. Huyu alioga, huyu hakuoga. Hazikutoka uwanja wa ndege. Zilitoka juu ya mafiga ya mwanamuke wa Masereka. Zilikaa pale tangu Mobutu alikimbia, zinapikwa kila siku na maharagi.

Alitoa koleo mu koti, akavuta kichwa cha ile ya Siméon, akagonga ganda juu ya kiganja cha kaporali. Donge jekundu likaanguka.

— Nusa.

Siméon alinusa. Kichwa chake kikarudi nyuma.

— Inachoma.

— Sasa nusa ile Major anasema ilimuua rafiki yako. Akatoa moja ya kijani mu mufuko wake, akaivunja, akamwaga karibu yake. Punje kavu, nyeusi, zikateleza. — Jordy alikufa na ya namna gani? Uko nayo pale kwenye rozari. Ile ya chafya. Toa.

Siméon hakuitoa. Alijua rangi yake.

— Yote ni maneno ya mu-Nande kutetea mu-Nande! alisema Major. Nani anaweza kujua masasi imeoza ndani? Miye ni Mungu? Balinidanganya!

— Mama aliyekupa alikuambia inakohoaka, alisema Vagheni, na sasa sauti yake ilipanda mpaka ikafika kwenye goli ya pili. Alikuambia mu macho. Alikuomba usibape batoto ya batu! Na weye ulimujibu nini, mon major? Basoda hawa basikie. Ulimujibu, "Mama, ata mwenye kukohoa anapiganaka."

Hapo hakukuhitajika ushahidi mwingine. Mu musitari, soda mumoja alikuwa amejikunja, mukono mu kifua. Ni yule yule. Alijiinua polepole, akamuangalia Major, na bila kutaka akakohoa. Hakuna mutu aliyecheka.

— Masasi mupya alibapelekea benye zahabu kule Manguredjipa, aliita Kasonia kutoka kwenye muti. Nilipakia miye! Nyinyi alibapa moshi!

— Peloton! alisema Major. Shabaha!

Hakuna bunduki iliyoinuka.

— Shabaha!

Siméon alitoka mu musitari. Alishika bunduki yake kwa mikono miwili, akamunyooshea Major upande wa kitako.

— Twaa yangu, mon major. Iko na masasi yako ya mupya. Piga weye.

Major aliiangalia bunduki ile. Iliwekwa tu mbele yake, kama sahani kwa mugeni. Hakunyoosha mukono. Jasho lilitoka kwenye nywele, likapita karibu na jicho, na hata hakulifuta, asije akaonekana amesogeza mukono.

— Njo vile, alisema Siméon. Sauti yake ilikuwa ndogo, na ilikuwa mbaya kuliko kelele. — Njo vile! Ulijua.

Mukono wa Major ulikwenda kwenye pistolet. Lakini Siméon alikuwa ameshatembea mpaka golini, akasimama mbele ya Kasonia, mugongo wake juu ya kifua cha muzee. Kumufikia Kasonia, risasi ingepaswa kupita kwanza mu kaporali, mbele ya kampani nzima. Pistolet ilibaki mu nyumba yake ya ngozi, kiunoni.

Kisha sauti ikaanza. Tak. Chargeur ya kwanza ilitoka mu bunduki. Tak, tak. Kila soda alichomoa yake, akasukuma kwa kidole gumba, na masasi yakaanza kuanguka mu majani, yakimeremeta mu jua la asubuhi, moja juu ya ingine, kama mutu anamwaga mahindi.

— Bapumbafu! alilia Kasonia.

Bote baligeuka. Muzee alikuwa anavuta kamba kwa hasira, shavu lake lililovimba limekuwa jeusi.

— Munamwaga mu majani? Hapa batoto banachezaka mupira dimanche kisha misa! Watakanyaga, wataokota, watatia mu moto kwa kucheza! Okota! Yote! Iwekeni mu ndoo ya maji, miye mwenyewe nitaizika!

Basoda baliangaliana. Wa kwanza kuinama alikuwa yule wa kikohozi. Kisha bote bakapiga magoti mu majani, bakatafuta na vidole. Siméon alikata kamba kwa kisu. Kasonia hakumushukuru, wala Siméon hakungoja kushukuriwa. Muzee alishika kofia ya soda mumoja, akaanza kupita kati yao, anapokea, anahimiza, anatukana.

Vagheni alitandaza karatasi yake mwenyewe juu ya kasha tupu lililoletwa na masasi ya peloton. Pale pa sababu ya kifo aliandika masasi yaliyoharibika kwa moto, yaliyoletwa na mutu aliyeonywa. Pale pa jina la mutu yule aliandika Major Gustave. Aliandika pia, kama alivyoombwa, Katungu wa Masereka. Kisha akatia signature.

— Imefika, mon major, alisema. Nilikuambia inatembeaka polepole.

Major Gustave alikuwa amesimama peke yake kwenye musitari wa penalti. Hakuna aliyemupigia saluti, hakuna aliyemuangalia. Kasonia alifika mbele yake na kofia iliyojaa, nzito, inavuta mikono yake chini. Akasimama. Akaangalia majani.

— Kuna moja chini ya kiatu yako, alisema.

Major hakusogea.

— Nasema kuna moja. Batoto banachezaka hapa.

Kikohozi kilisikika tena. Basoda bote balikuwa bado magotini, na bote walikuwa wanangoja. Major aliangalia jeep yake. Dereva alikuwa magotini pia, anapekua majani.

Major aliinua kiatu. Na mbele ya kampani nzima, akainama.